Picha ya Bibi Harusi Bila Mapovu

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14, saa kumi jioni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa lile sweta zito, maana Mama anasema kila ukipiga simu sauti yako ina mafua na wewe mwenyewe unakana. Kazi je? Bado mnapanga maboksi kwenye ghala la baridi, au mmeshahamishiwa kule juu ulikosema kuna dirisha? Na mgongo? Tafadhali usijibu "salama" tu. Wewe ukisema salama, sisi huku tunaanza kukisia ni kitu gani kimeharibika.

Sisi hatujambo. Mama ana sare za shule arobaini za kushona, na cherehani yake imeanza kulia kama mtu anayetafuna mchanga. Baba yuko safarini na lori, tunamtarajia Jumatano. Mdogo wangu Redio ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo siku hizi taarifa zake zote zinatoka na upepo. Mimi pia ni mzima, ila usingizi umenikataa, na sababu yake ndiyo imenifanya nichukue kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako ikiingia tunakusanyika wote mezani, Redio anatangulia, na zamu yangu ikifika nasema, "Shikamoo, sisi wazima," halafu namrudishia Mama. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kimya, kwa hiyo hili sihitaji kukueleza. Kwa kalamu naweza kidogo. Yule nesi wa mlango wa pili anakuja huko kwenye mafunzo, anaondoka keshokutwa, na amekubali kukuletea bahasha hii mkononi. Utakuwa umeisoma kabla ya Ijumaa. Nataka sana uisome kabla ya Ijumaa.

Kwanza, asante kwa kamera. Ilifika salama ndani ya soksi zako tatu, na Mama alizifua zile soksi ingawa zilikuwa mpya. Ujumbe wako nimeubandika ndani ya mlango wa kabati: picha moja ya kila samaki, na ya Bibi Harusi iwe kubwa, ya kutundika juu ya kitanda chako. Uliandika kwamba tangu siku ile ulipomleta kwetu umempakata ndani ya mfuko wa maji, na mkia wake mweupe umejikunja humo kama shela, ulilala naye chumba kimoja miaka tisa kabla ya kuniachia tangi, na huko hujapata mtu mtulivu kama yeye. Niliusoma kila asubuhi nikivaa. Nilitaka kukupigia picha hiyo kuliko ninavyotaka kufaulu mtihani. Hilo usimwambie Mama.

Kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha kumi na moja na Kiswahili hakimo. Mama akasema, "Kwani Kiingereza unasomea nini? Soma." Kiingereza cha shule nakiweza, Mjomba. Naweza kueleza volkano inavyolipuka na kwa nini majani ni ya kijani. Lakini kile kitabu kinaongea kama fundi anayemwambia fundi mwenzake. Kuna ukurasa unaniamuru nirekebishe weupe. Weupe wa nini? Nilielewa kila neno na sikuelewa hata sentensi moja. Nikawa nabonyeza vitufe kimoja kimoja, kamera ikabadilisha tarehe, ikalia kama ndege, ikampa Redio uso wa bluu.

Siku ya kwanza nilipiga picha sitini na mbili. Katika ishirini kuna mwanga mweupe katikati, na nyuma ya mwanga nipo mimi, mdomo wazi. Katika nyingine kuna mkia tu unaotoka pembeni, kama mtu aliyekwepa salamu. Zilizobaki ni rangi ya chungwa iliyopakwa kwa kidole. Tumbo, ambaye unajua hasogei siku nzima mpaka chakula, akiiona kamera anakumbuka ana safari. Mapacha hawakubali kuwa kwenye picha moja. Fagio peke yake ndiye aliyetulia, kwa sababu alikuwa amejibandika kwenye kioo akisafisha, na nilichopata ni tumbo lake na mdomo.

Tena Mama akishona, meza inatetemeka, tangi linatetemeka, na mimi natetemeka. "We Kimya," akaniambia, "hiyo kamera imekuoa? Kaoshe vyombo." Redio akachungulia dirishani na kuwatangazia watu wa chini kwamba dada yake ameposwa na kamera.

Mwishowe nikaenda kwa fundi picha, yule wa studio ya picha za vitambulisho karibu na kona. Unajua kuingia dukani peke yangu ni kazi. Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu kwenye ngazi kutoka juu hadi chini, na nilipofika mbele yake ikapotea yote, nikamwonyesha skrini tu. Akaitazama, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho.

"Binti, hizi ni karoti?"

"Samaki," nikasema.

"Samaki! Haya, samaki wako wapi? Mimi naona karoti zinakimbia."

Lakini ni mtu mwema. Aliniambia flashi nizime, kwa sababu inapiga kioo na kurudi, ndiyo maana najipiga picha mwenyewe. Nizime na taa ya chumba, niache ya kwenye tangi peke yake. Nibandike lenzi kwenye kioo kabisa. Na nisimfukuze samaki. "Chagua mahali wewe, halafu kaa. Yeye ndiye aje. Samaki hana haraka, wewe ndiye unayo." Sijui kama nimeiandika sawasawa, ila ndivyo alivyosema, na ilinisaidia. Wiki iliyofuata Tumbo nilimpata, Mapacha nikawapata kila mmoja na yake, na macho yao yanaonekana.

Bibi Harusi ndiye aliyenishinda. Alikuwa anapenda kukaa upande wa pampu, wewe unajua, palepale mapovu yanapopanda, anajiachia yamsukume mkia. Kila picha yake ilikuwa na mapovu usoni, kama mtu aliyemwagiwa shanga. Na maji yakichezacheza, ule mkia unakuwa moshi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nimeinuka mara mbili kunywa maji ambayo sikuyahitaji.

Jumatatu iliyopita niliamka mapema kabla ya wote, ili jua lisigonge kioo na cherehani iwe bado imelala. Saa kumi na mbili na nusu nikapitisha mkono nyuma ya cherehani, nikazima swichi ya pampu. Hilo hakunifundisha mtu. Si fundi picha, si kitabu. Ni akili yangu mwenyewe, na niliiona akili kubwa sana.

Mjomba, maji yalitulia mpaka nikasahau kama ni maji. Bibi Harusi akasogea mbele taratibu, nadhani alikuwa anayatafuta mapovu yake, akasimama mbele ya lenzi, akaufungua mkia wote. Nilipiga mara tatu. Ya tatu unaweza kumhesabu magamba. Unaona mpaka ile mistari myembamba ndani ya shela, na jicho lake, na kwenye jicho kuna taa ndogo. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikatia kamera kwenye mkoba, nikaenda shule. Njiani niliitazama ile picha mpaka nikajikwaa.

Swichi sikuiwasha.

Nilikumbuka saa nne, kwenye hesabu. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni lile swali la tangi linalojazwa na mabomba mawili. Alipoandika neno "tangi" nikaiona ile swichi. Mama alikuwa kwa wateja kupima sare, mlango umefungwa, lakini yule nesi ana ufunguo wetu na siku hiyo alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo alikuwa bado nyumbani. Namba yake naijua kwa kichwa. Simu ipo kwa karani wa shule, hatua hamsini kutoka darasani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono na kuomba ruhusa.

Niliunyoosha. Ulifika usawa wa sikio. Mwalimu akageuka, na kwa sababu mimi huwa sinyooshi, akafurahi. "Haya, hatimaye! Tuambie, tangi litajaa baada ya saa ngapi?" Darasa zima likanigeukia. Watu arobaini na wanne, Mjomba.

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Nilikuwa najikuna."

Wakacheka mpaka wengine wakapiga madawati. Nikaushusha mkono, na haukupanda tena.

Mapumziko nilienda mpaka mlango wa karani. Alikuwa anaongea na mzazi mmoja mwenye mwavuli. Nilisimama pale nikisubiri amalize, akanitazama mara moja kama anayeuliza, nami nikatazama ratiba ya mitihani ukutani kana kwamba ndiyo niliyoifuata. Kengele ikalia. Nikarudi darasani. Hayo ndiyo yote niliyofanya kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Hakuna aliyenifunga. Nimejaribu kutafuta mtu aliyenizuia, simpati.

Saa tisa nilikimbia. Nilipofungua mlango wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, inafunguka na kufumba kwa pamoja. Mapacha, Tumbo, hata Fagio ambaye hajawahi kuja juu. Bibi Harusi hakuwa nao. Alikuwa chini, ameegemea lile jiwe jeusi, shela limemfunika usoni.

Nikawasha. Kidole kilikuwa bado kwenye swichi Mama alipoingia na mafurushi yake.

"Umerudi?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anauliza umeme. "Nimeambiwa mtaa mzima ulikatika mchana. Jamani, hebu ona walivyo!" Akatupa mafurushi, akaja akanishika bega. "Pole mwanangu. Umeme huo."

Ni kweli ulikatika, karibu saa nzima. Ningekuwa nimewasha asubuhi, saa moja isingewafanya kitu. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Lakini Mama alikuwa amesema "umeme", Redio akalidaka lile neno na kutoka nalo mlangoni, na kufikia jioni ghorofa nzima inajua kwamba umeme umewadhuru samaki wa Mjomba. Mimi sikusema uongo. Sikusema kitu. Zamani nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti.

Wale wengine walirudi hali yao jioni ileile. Bibi Harusi alikaa siku mbili pale kwenye jiwe. Nilimbadilishia maji kidogo kidogo kama ulivyonionyesha, nilizima taa apumzike, nilikaa naye. Nilimwomba radhi kwa sauti, Redio akiwa bafuni. Jumatano asubuhi alikuwa amelala ubavu. Mama alimfunga kwenye kipande cha satini nyeupe kilichobaki kwenye gauni la mteja, tukamzika kwenye chungu kikubwa cha maua hapo kibarazani, na Redio akamwagilia kikombe kizima cha maji.

Alhamisi ukapiga simu. Mama akakueleza. Halafu ukasema, "Ni kosa langu mimi. Umeme wa huko naujua. Ningeacha pampu ya betri kabla sijaondoka. Nimemwachia mtoto mzigo bure." Ukamwambia Mama kwamba daktari wa meno, yule aliyekuwa anawaomba siku nyingi kwa ajili ya chumba chake cha kusubiria, aje awachukue waliobaki, maana yeye ana jenereta. "Kimya asihangaike tena," ukasema. Ulisema kwa upole sana. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya friji na kitambaa cha vyombo mkononi, natazama mgongo wa Mama, na maneno yalinijia yote, yamepangwa vizuri, kwa lugha mbili. Mama akanigeukia, "Msalimie Mjomba." Nikasema, "Shikamoo, sisi wazima."

Ijumaa nilipeleka kadi ya kamera kwa fundi picha akanisafishie picha zako. Alipofika kwenye ile, aliacha kutafuna. "Hii sasa! Huyu umempigaje?" Nikatazama chini. Akadhani naona haya kusifiwa. "Niachie nakala moja niitundike dirishani, watu waone kazi." Nilitaka kusema hapana. Nikatikisa kichwa, na akaelewa kwamba ni ndiyo, au labda ilikuwa ndiyo, sijui tena. Sasa imetundikwa pale, kubwa, kati ya bwana harusi mmoja na mtoto aliyehitimu chekechea, na mimi nazunguka mtaa mzima nikitumwa dukani ili nisipite mbele yake.

Mama ameitazama mara nyingi na kila mara anasema ni nzuri. Redio pia. Hawaoni. Lakini wewe, Mjomba, ukiitoa tu kwenye bahasha utaona, kwa sababu uliliangalia tangi hili miaka tisa. Hakuna mapovu. Hakuna hata moja. Pampu haikuzimwa na kukatika kwa umeme, maana taa ya tangi inawaka juu ya kichwa chake. Nilijua siwezi kukutumia picha hii bila kukwambia, na nilifikiria kutoituma. Nilifikiria kukwambia kamera imeharibika. Ni picha nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Naiona, naifurahia, halafu nakumbuka, na sijui niiache upande gani wa meza.

Mama sijamwambia. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza cherehani ilikuwa inalia, mara ya pili haikuwa inalia, na ile ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ukiongea naye mwambie wewe, nakuomba. Kuanza ndiko kunakonishinda. Ukishaanza wewe, mimi nitasema yaliyobaki.

Daktari wa meno anakuja Jumamosi na ndoo mbili. Sijui unatakiwa kuamua nini. Nikijiweka mahali pako, naona ungesema afadhali wale wanne waende kwa mtu ambaye akikumbuka kitu anainuka. Ukiona hivyo, sitabisha, na nitamshikia mlango apite na ndoo. Lakini waondoke kwa sababu yangu, Mjomba, wasiondoke kwa sababu ya umeme. Na wewe usikae huko kwenye baridi ukiwaza pampu ya betri. Hukukosea kitu. Uliacha kila kinachotakiwa, na swichi ilikuwa inafanya kazi.

Mama anakusalimu, anasema kula. Baba alituma salamu zako kutoka njiani. Redio anasema umletee jino. Nisalimie yule mpishi mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie nashukuru anavyokulazimisha kunywa dawa. Mungu akulinde wewe na mgongo wako, akupe siku nyepesi hapo ghalani, na akufikishe kwenye dirisha.

Picha za Tumbo, Mapacha na Fagio zimo humu pamoja. Ya Bibi Harusi nimeifunga kwenye karatasi peke yake, ili uifungue ukitaka, na usipotaka usiifungue.

Mpwa wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Kimya